Hesabu Isiyo na Upande wa Pili

Kwenye dobi ya hospitali walimwita Mvuke, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Akikasirika hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa pua akaitoa taratibu katikati ya meno, kama ile pasi kubwa ya kukandamiza mashuka, na aliyekuwa karibu alijua wakati umefika wa kutafuta kazi upande mwingine wa chumba. Mwenyewe hakulikataa jina. Alisema afadhali kuitwa kitu kinachonyoosha.

Mwenzake wa meza moja aliitwa Kicheko. Huyu alicheka kila mahali, hata mbele ya Matroni, hata pale ambapo hapakuwa na cha kuchekesha. Mvuke alikuwa mrefu mkavu, Kicheko mfupi wa mviringo. Wakikunja shuka, mmoja ameshika ncha huku na mwingine kule, Mvuke aliinama kidogo na Kicheko akanyoosha mikono juu, na kwa miaka waliyofanya kazi pamoja kila mmoja alikuwa amekizoea kimo cha mwenzake, hawakuhitaji hata kutazamana. Wanakutana katikati, wanapeana ncha, wanaachana, wanakutana tena. Na midomo haipumziki.

"Jana mume wangu kaota nimekuwa tajiri," Kicheko anasema.

"Akaamka?"

"Akaamka akaniomba nauli."

Ndivyo walivyokuwa. Kicheko akienda nyumbani kwa Mvuke hakubisha hodi mbele. Alizungukia mlango wa jikoni, akafunua sufuria, akauliza nani kapika chakula hiki kwa hasira. Mama yake Mvuke alikuwa akimwita "mwanangu mwenye akili," ili kumchokoza mwanawe wa kumzaa.

Sasa huyo mama ndiye aliyekuwa shida. Si shida ya kuchokwa, hapana. Alikuwa amepooza upande wa kushoto, na Mvuke ndiye mikono yake na miguu yake. Mchana jirani alichungulia. Usiku hakuna wa kuchungulia, na dobi ya hospitali hailali, maana wagonjwa hawaachi kuchafua mashuka kwa sababu jua limezama. Wiki ya zamu ya usiku Mvuke alimwekea mama maji karibu na mkono mzima, akamfunika, akafunga mlango kwa nje, akaenda kazini moyo umebaki nyumbani. Asubuhi moja alirudi akamkuta mama sakafuni, baridi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa ameanguka tangu usiku wa manane.

"Mbona hukuita watu?" Mvuke akamuuliza huku akimnyanyua.

"Niliita. Lakini mdomo wangu nao umepooza nusu, ukasikika nusu."

Mama alisema hivyo kwa mzaha. Mvuke hakucheka. Alikwenda jikoni akawasha moto, akasimama pale mpaka maji yakachemka yakamwagika.

Ikawa kama bahati. Msimamizi wa dobi, yule mzee wa funguo, alitangaza kuwa anastaafu. Na msimamizi hafanyi zamu ya usiku. Anaingia asubuhi, anatoka jioni, analala kwake. Mshahara nao ulizidi kidogo, lakini Mvuke hakuujali. Alitaka usiku wake. Alitaka kulala chumba kimoja na mama yake, asikie akikohoa.

Kicheko alilijua hilo. Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa yeye, shuka likiwa kati yao.

"Basi ni yako," Kicheko akasema. "Nani mwingine hapa anajua kazi?"

"Wewe."

"Mimi nikiwa msimamizi hata mashine zitacheka."

Lakini ofisi haikuangalia nani anajua kazi. Matroni alikuja na tangazo kwamba anayetaka nafasi hiyo atafanya mtihani wa hesabu, na wasiojiamini watapata masomo kwenye ukumbi wa chakula baada ya zamu ya asubuhi. Wengi waliguna wakarudi kwenye ndoo zao. Waliojiandikisha kutoka dobi walikuwa wawili tu. Mvuke alijiandikisha kwanza, kisha Kicheko akasema, "Na mimi niandikeni, nikamshikie mwenzangu kalamu."

Mwalimu alikuwa kijana wa miwani, shati limechomekwa vizuri, anayefundisha sekondari. Siku ya kwanza aliandika ubaoni herufi na namba zimechanganyikana, kisha akasema kitu hicho kinaitwa polinomia.

"Mwalimu," Kicheko akainua mkono, "hiyo inaambukiza?"

Hata mwalimu alicheka. Mvuke hakucheka, alikuwa anatazama ubao. Kulikuwa na eksi mraba, kulikuwa na eksi peke yake, kulikuwa na namba tupu, na kila moja imebandikwa sehemu mbele yake: nusu, theluthi, robo. Wengine pale ukumbini, wa jikoni na wa bustani waliokuja nao kujaribu bahati, waliona giza. Mvuke aliona kabati la nguo. Kwenye dobi shuka likichakaa halitupwi. Linakatwa nusu, likawa la kitanda cha mtoto; linakatwa theluthi, likawa la kutandika chini ya mgonjwa anayejikojolea. Sehemu alikuwa anazikata kwa mkasi tangu ujana wake.

Ndivyo alivyomfundisha Kicheko, wakati wa chai, juu ya meza ya kupigia pasi, kwa chaki ya kuwekea alama nguo.

"Eksi mraba ni shuka. Eksi ni foronya. Namba tupu ni taulo. Unaweza kuongeza shuka juu ya foronya ukapata nini?"

"Fujo."

"Ehee. Kwa hiyo shuka kwa shuka, foronya kwa foronya, taulo kwa taulo. Nusu ya shuka na theluthi ya shuka, unazikata zote mpaka ziwe sudusi, vipande vya moja ya sita. Nusu ni sudusi tatu, theluthi ni sudusi mbili. Jumla?"

Kicheko alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. "Tano."

"Tano za nini?"

"Tano za sudusi. We mwanamke, ungekuwa mwalimu wangu shuleni nisingetoroka."

Alikuwa mzito kwenye hesabu, Kicheko. Leo anaelewa, kesho kimeyeyuka. Mvuke alirudia bila kuchoka, naye si mtu wa subira. Kwa mwingine yeyote angeshatoa ule mvuke wake.

Kisha ikaja milinganyo. Mwalimu aliandika alama ya sawasawa katikati, kitu huku na kitu kule, akaonyesha kwamba sehemu zikikusumbua unatafuta namba inayogawanyika kwa asili zote, zile namba za chini ya sehemu, unazidisha kila kitu, na asili zote zinafutika.

"Yaani hizi nusu na theluthi zinakufa zote?" Mvuke akauliza.

"Zinakufa, mama, mradi ufanye pande zote mbili."

Mvuke alitoka darasani siku hiyo kama mtu aliyeokota kitu barabarani. Usiku kwenye zamu alizidisha kila sehemu aliyoikumbuka, akaona zinakufa moja baada ya nyingine, akafurahi peke yake kati ya mapipa.

Halafu mama akashikwa na homa ya kifua. Mvuke aliomba ruhusa, akakaa nyumbani akimwinua na kumlaza, na masomo yakampita. Aliporudi kazini jambo la kwanza alilomuuliza Kicheko, kabla hata ya kuvaa aproni, lilikuwa hilo.

"Mlifundishwa nini?"

Kicheko alikuwa anatoa mashuka kwenye mashine, mgongo ameugeuza. "Kurahisisha. Zile zile polinomia zenye sehemu."

"Namna gani?"

"Hakuna jipya. Ni yale yale uliyoyaacha."

"Yaani unatafuta namba, unazidisha, asili zinafutika?"

Kicheko alilikung'uta shuka, likapiga kelele hewani. "Yale yale," akasema.

Mvuke alimwamini. Angemwamini hata angeambiwa jiko limehama. Wakati wa chai aliandika mezani kwa chaki: nusu ya eksi mraba, jumlisha theluthi mbili za eksi, toa robo, jumlisha theluthi ya eksi mraba, toa nusu ya eksi, jumlisha robo tatu. Akatafuta namba inayomeza mbili, tatu na nne, akapata kumi na mbili. Akazidisha. Shuka sita na shuka nne, kumi. Foronya nane toa sita, mbili. Toa taulo tatu, ongeza tisa, sita. Akaandika chini: kumi eksi mraba, jumlisha mbili eksi, jumlisha sita. Hakuna hata sehemu moja iliyobaki. Palikuwa safi kama shuka la chumba cha upasuaji.

"Tazama," akamwambia Kicheko.

Kicheko alikuja na kikombe chake, akatazama. Alitazama kwa muda, chai ikapoa mkononi.

"Sawa?" Mvuke akauliza.

"Mimi na wewe nani anajua zaidi?"

"Nakuuliza wewe uliyekuwepo."

"Sawa," Kicheko akasema, akachukua kitambaa akafuta meza, eti Matroni asije akaona chaki.

Mtihani ulifanyika ukumbini, viti vimetenganishwa. Mvuke alipofika sehemu ya kurahisisha alitabasamu. Aliua sehemu zote, swali baada ya swali. Alimaliza mapema, akatulia akimtazama Kicheko mbele yake amejikunja juu ya karatasi, na kusema kweli alimwonea huruma, akamwombea apate angalau maksi za kutomwaibisha.

Matokeo yalipotoka, Matroni aliwasimamisha wote chumba cha kupigia pasi. Alisema wawili hawa wamekaribiana sana, ila mmoja alikosa sehemu nzima ya kurahisisha na mwenzake akaipata. Msimamizi mpya ni Kicheko.

Watu walipiga makofi. Mvuke alipiga kuliko wote. Hakuelewa, lakini alipiga, na alipomkumbatia Kicheko alimwambia sikioni, "Basi sikukufundisha bure." Kicheko alikuwa analia, na watu wakasema ni furaha.

Nyumbani Mvuke alimwambia mama kwamba nafasi imekwenda kwa mwanawe mwenye akili. Mama akasema, "Si mbaya. Imebaki ndani ya nyumba." Mvuke akakubali kwamba si mbaya. Wiki iliyofuata zamu yake ilikuwa ya usiku. Alimwekea mama maji karibu na mkono mzima, akafunga mlango kwa nje.

Angeishi hivyo hivyo, kama si kukutana na yule mwalimu. Kijana alikuja hospitalini kuchukua malipo yake, akamwona Mvuke anasukuma toroli la mashuka kwenye kibaraza, akamsimamisha.

"Mama, wewe ulinisikitisha. Nilikutegemea wewe."

"Nilikosea wapi, mwalimu? Maana mimi mpaka leo naona nilipata."

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwenye shati. "Ulizidisha. Kila swali la kurahisisha ulizidisha kwa kumi na mbili, kwa sita, ukaacha hivyo."

"Si ulitufundisha kuua asili?"

"Kwenye mlinganyo. Mlinganyo una pande mbili. Ukizidisha huku unazidisha na kule, mizani haivurugiki. Lakini mtajo wa kurahisisha hauna alama ya sawasawa, mama. Hauna upande wa pili. Ukizidisha, umeubadilisha. Nikikuomba nusu shuka, unaniletea mashuka sita, halafu unaniambia umerahisisha."

Mvuke alilitazama toroli. Aliona. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Nusu na theluthi za eksi mraba zilitakiwa zibaki tano juu ya sita, vile vile kama alivyomfundisha Kicheko kwa shuka na mkasi. Ile foronya ibaki sudusi moja, na taulo ibaki nusu. Si kumi, si mbili, si sita. Hesabu ile alikuwa akiijua tangu mwanzo. Alikuwa ameiacha ya kwake iliyo sahihi akashika njia ya mkato, kwa sababu aliambiwa ni yale yale.

"Siku uliyofundisha hilo," akasema polepole, "mimi nilikuwa namuuguza mama."

"Najua. Ndiyo maana nilimkabidhi shoga yako. Yeye mwenyewe alikosea pale ubaoni, akazidisha, darasa zima likacheka, naye akacheka. Nikamweleza mpaka akaelewa. Nikamwambia, mwenzako anapenda sana kuua asili, usimwache aingie shimo hili. Akasema, mwalimu usijali, nitamfikishia." Kijana alirudisha miwani usoni. "Hakukufikishia?"

Mvuke hakutoa ule mvuke wake. Hakutoa kitu. Alisema, "Asante, mwalimu," akalisukuma toroli.

Kicheko alikuwa kwenye chumba cha msimamizi, kile chenye dirisha na meza na funguo ukutani. Mvuke aliingia akafunga mlango.

"Ulijua," akasema.

Kicheko aliinua uso, na mara hiyo hakuuliza alijua nini.

"Nilitaka kukuambia," akasema. "Kila siku nilitaka."

"Tulikuwa tunakaa meza moja. Ulikuwa umbali wa shuka."

"Nafasi ilikuwa moja, shoga. Ningekushinda kwa lipi? Wewe ni kichwa. Mimi nacheka tu, nimecheka maisha yangu yote ili watu waniache nikae. Nikasema, mara moja tu na mimi nitangulie."

"Ungeniambia unaitaka. Ningekufundisha nikijua tunashindana."

"Na ungeniachia?"

"Nisingekuachia," Mvuke akasema. "Ningepambana na wewe mpaka mwisho. Lakini ungeshindwa au ungeshinda ukiwa rafiki yangu."

Kicheko alianza kulia. Mvuke alimtazama, akashangaa kwamba machozi yale, ambayo miaka yote yalikuwa yakimfanya atafute kitambaa, sasa yalikuwa maji tu.

"Mama alilala sakafuni usiku mzima," akasema. "Nilikuambia wewe. Sikumwambia mtu mwingine."

"Najua."

"Uliposimama na kikombe ukaitazama ile hesabu, ulimwona mama yangu pale sakafuni, au hukumwona?"

Kicheko alizigeukia funguo ukutani. Hilo ndilo jibu Mvuke alilotoka nalo.

Hakwenda kwa Matroni. Wenzake waliosikia habari kwa vipande walimsukuma akashtaki. Alisema atashtaki nini, kwamba alinyamaziwa? Mtihani ulikuwa wake, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa na kiburi cha kutosha kutokuomba aonewe huruma na ofisi. Alimwomba mzee mmoja aliyeendesha mashine za kufulia amsaidie kukunja mashuka, na yule mzee akawa anakosa ncha kila mara, na Mvuke hakumkemea. Kwa Kicheko alisema "Ndiyo, Bi Msimamizi" na "Hapana, Bi Msimamizi," kwa adabu kamili, mpaka Kicheko akaanza kupitia mlango wa nyuma ili wasikutane.

Halafu Jumapili moja, mchana, Mvuke alisikia hodi mbele. Alipofungua alimkuta Kicheko, amevaa vizuri, mkoba kifuani.

"Karibu, Bi Msimamizi," akasema, akamvutia kiti sebuleni. Kile kiti chenye kitambaa, cha wageni. Kicheko alikitazama kama kimeandikwa jina la mtu mwingine, akakaa kwenye ncha.

"Nimepanga zamu za mwezi," akasema. "Wewe nimekuweka mchana. Siku zote. Nina uwezo huo, hakuna atakayeuliza. Usiku utakuwa unalala hapa na mama."

 Neno la kukataa lilikuwa tayari mdomoni mwa Mvuke, limenyooka, limekunjwa, lina pasi. Aliyekuwa ameichukua haki yake alikuwa amekuja kuirudisha kama zawadi, na alitaka ashukuriwe. Chumbani mama alikohoa, kikohozi kile kirefu cha kifua kisichokwisha vizuri, kisha kitanda kikalia kwa sababu alikuwa anajaribu kujigeuza peke yake.

"Niandike," Mvuke akasema.

Kicheko alishusha pumzi, uso ukamfunguka. Alinyoosha mkono juu ya meza. "Mwenzangu..."

"Nimesema niandike. Ni kwa ajili yake." Mvuke hakuugusa ule mkono. "Utakunywa chai, Bi Msimamizi, au una haraka?"

Mkono ulibaki pale kidogo, kisha ukarudi kwenye mkoba.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka chumbani, kwa ule mdomo wake wa nusu. "Sauti kama ya mwanangu mwenye akili. Mbona hajaja jikoni kutusema?"

Kicheko alisimama. Alikuwa ameshageukia mlango wa chumbani, amefungua kinywa aitikie, kama alivyoitikia miaka yote.

"Si yeye, mama," Mvuke akasema, akaenda kumfungulia mgeni mlango wa mbele. "Ni mtu wa kazini. Anaondoka."